Kibali Kina Masharti Yake: Somo kwa Wakazi wa Dranya na Askari Wanaowahudumia

Kuna swali moja ambalo askari wa kituo kidogo huulizwa njiani, sokoni, hata msibani: "Afande, wale watu wanaochimba kule chini wana kibali?" Askari mwangalifu huenda kuuliza, huonyeshwa karatasi yenye muhuri, kisha hurudi na jibu fupi: "Wanacho." Hapo mazungumzo huisha. Aliyeuliza huona aibu kwamba amewashuku watu bure, na askari huona kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake.

Somo la toleo hili limeandikwa kwa sababu ya jibu hilo. Kwa sheria ya mazingira ya Uganda, neno "wanacho" halilimalizi jambo bali hulifungua. Swali la pili, ambalo ni wachache sana wanaoliuliza, ni hili: kibali hicho kinawataka wafanye nini, na je, wanakifanya?

Tuanze na msingi. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 237 inaeleza kwamba mito, maziwa ya asili, ardhi oevu na misitu ya hifadhi hushikwa na serikali kuu au serikali ya mitaa kama amana kwa manufaa ya wananchi wote. Neno amana si geni kwetu. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiuza, wala kuiacha ikaharibika mikononi mwake, na mwenye mali anapokuja kuuliza habari zake hapaswi kujibiwa kwa hasira.

Juu ya msingi huo imejengwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995. Ile ya kwanza ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMA. Hii ya sasa imeiacha Mamlaka hiyo mahali pake na kuiongezea nguvu. Anayetaka kuanzisha mradi unaoweza kudhuru mazingira hutakiwa kueleza kwanza athari zake. Mradi mdogo huandikiwa maelezo mafupi. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini kamili ya athari kwa mazingira na jamii. Akiridhisha, hupewa cheti cha idhini, na cheti hicho huja na masharti. Masharti si pambo la karatasi. Idhini imetolewa kwa sababu mwenye mradi amekubali kuyatimiza, na anayeyavunja ametenda kosa hata kama cheti chake ni halali na muhuri wake ni wa kweli.

Tuchukue mfano ulio karibu na macho yetu. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imetiwa lami, na hakuna mkazi wa Koboko atakayekana faida yake. Lakini barabara ya namna hiyo haijengwi kwa lami peke yake. Chini ya lami kuna mawe yaliyosagwa, na chini ya mawe kuna moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe. Moramu huchimbwa vilimani na mashambani kando ya njia, na kila barabara ya vumbi inayotengenezwa upya katika kaunti ndogo zetu hudai mashimo mengine. Katiba yenyewe, katika ibara ya 244, inasema kwamba udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga na mawe ya ujenzi havihesabiwi kuwa madini. Kwa hiyo mwenye shamba anaweza kukubaliana na mkandarasi na kulipwa. Wengine hudhani mambo yamekwishia hapo, kwa kuwa mwenye ardhi ameridhia. Sivyo. Ridhaa ya mwenye shamba ni mkataba wa watu wawili. Vumbi, tope na shimo huwafikia watu ambao hawakutia sahihi popote.

Masharti ya kawaida ya machimbo ya namna hii si magumu kueleweka. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, huondolewa kwanza na kuwekwa kando bila kuchanganywa na moramu, kwa sababu ndio utakaorudishwa juu kazi ikiisha. Ukipotea, hakuna kitakachoota pale kwa miaka mingi. Kingo za shimo huchongwa kwa mteremko wa polepole, si kwa ukuta uliosimama, ili mtoto au mbuzi aliyetumbukia aweze kupanda na kutoka. Maji ya mvua huelekezwa pembeni yasije yakabeba tope hadi kijitoni. Njia ya malori hunyunyiziwa maji wakati wa kiangazi. Mawe yakipasuliwa kwa baruti, watu huarifiwa mapema na saa hutajwa. Mwisho wa yote shimo hufukiwa au husawazishwa, udongo mweusi hurudishwa, na miti au nyasi hupandwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu linatimizwa wakati ambapo hakuna tena anayeangalia. Mitambo imeondoka, wahandisi wamehama, fedha za mwisho zimelipwa. Kinachobaki ni shimo, na msimu wa mvua ukifika, shimo huwa bwawa. Huku kwetu mvua huanza mwezi wa nne hivi na kuendelea hadi wa kumi na moja. Kwa hiyo shimo lililoachwa wazi hukaa na maji zaidi ya nusu ya mwaka. Watoto huogelea humo, ng'ombe hunywa humo, mbu huzaliana humo. Mtoto akizama, polisi huitwa kuutoa mwili na kuandika taarifa ya ajali. Mwandishi wa somo hili anaona kwamba neno ajali hapo linapaswa kuandikwa baada ya kuuliza kwanza kama palikuwa na sharti la kulifukia shimo hilo, lilimhusu nani, na lilipaswa kutimizwa lini.

Sasa tuteremke hadi kijitoni. Vijito vingi vya Koboko hupeleka maji yake mto Kochi, unaopita Yumbe kabla ya kuifikia Nile, kwa hiyo tope la Dranya si la Dranya peke yake. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa hifadhi kando ya kila mto: mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa katika kanuni hizo, Nile ikiwa mmojawapo, na mita 30 kwa mito mingine. Ndani ya ukanda huo mtu haruhusiwi kulima, kujenga, kufyatua matofali wala kuchimba mchanga apendavyo.

Ugomvi mwingi huzuka juu ya mahali pa kuanzia kupima. Mtu hupima mwezi wa pili, kijito kikiwa kimebaki uzi mwembamba katikati ya mchanga, na kuonyesha kwamba tanuri lake liko mita 40 kutoka kwenye maji. Kanuni hazipimi kutoka hapo. Zinapima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji hufika kwa kawaida. Alama hiyo huonekana hata wakati wa ukavu kwa mwenye kuitafuta: takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya chini, mstari wa udongo laini kwenye mashina, mahali ambapo matete yanaishia na nyasi za nchi kavu zinaanza. Wazee wanaokaa karibu na kivuko huijua kwa moyo. Anayekwenda kupima na aende na mzee mmoja na kamba ya mita 30. Atakuwa na vipimo bora kuliko aliyekwenda na simu ya bei ghali akiwa peke yake.

Kuhusu ardhi oevu, yaani vinamasi vyetu, ni vema kusema pia kile kisichokatazwa, maana hofu isiyo na msingi nayo huleta dhuluma. Kanuni hizohizo zinataja matumizi ya jadi ambayo hayahitaji kibali. Mama anayechota maji ya nyumbani hahitaji kibali. Anayekata mafunjo au matete ya kuezekea, anayechuma dawa za miti shamba, na anayevua kwa mitego ya asili, mikuki au vikapu hahitaji kibali. Hata kilimo kimeruhusiwa, ilimradi eneo linalolimwa lisizidi robo ya kinamasi kizima. Askari anayemkamata mwanamke mwenye mzigo wa matete na kumwambia ameharibu mazingira anakosea sheria, na tena anawafundisha watu kuichukia.

Matofali ni jambo lingine. Tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwezi Agosti 2016 na kujaa wakimbizi zaidi ya 200,000 katika muda wa miezi michache tu, na Koboko nayo ikiwa na makazi yake ya wakimbizi huko Lobule, mahitaji ya kuni, nyasi na vifaa vya ujenzi katika eneo letu yameongezeka sana. Miji nayo inakua. Tofali la kuchoma hutaka vitu vitatu: udongo wa mfinyanzi, maji na kuni, na mahali vitu hivyo vitatu vinapokutana ni ukingoni mwa kinamasi. Wafyatuaji wengi si wageni. Ni vijana wetu, wanaolipa ada za wadogo zao kwa kazi hiyo. Sheria haiwatazami kwa jicho lingine, lakini namna ya kuwaendea inapaswa kuwa nyingine: kikundi cha vijana kinaweza kushauriwa kuhamishia kazi nje ya ukanda wa mita 30, kufukia mashimo ya zamani na kuandikisha shughuli yao, kabla ya mtu yeyote kutaja pingu.

Nani basi hufuatilia? Hapa ngazi ni ndefu kidogo, na ni lazima tuipande. Kijijini kuna mwenyekiti wa LC1 na baraza lake. Katika kaunti ndogo na wilayani sheria imeagiza ziwepo kamati za mazingira na maliasili. Wilayani kuna ofisa wa mazingira, ambaye mara nyingi ni mmoja kwa wilaya nzima, na ndiye mtu wa kwanza mwenye elimu ya kuusoma mradi na masharti yake. Juu yake iko NEMA yenyewe, pamoja na wakaguzi wa mazingira walioteuliwa kisheria. Hao wana uwezo wa kuingia katika eneo la mradi, kudai nyaraka, kuchukua sampuli na kutoa amri.

Masuala ya maji yana mlango wao. Anayevuta maji ya mto kwa pampu ya mtambo anahitaji kibali cha maji kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1998, na vibali hivyo viko chini ya wizara inayohusika na maji, ambayo imeigawa nchi katika kanda nne kwa kufuata mabonde ya mito. Sisi tuko katika Kanda ya Nile ya Juu, na ofisi yake iko Lira, safari ya siku nzima kutoka Dranya.

Wazo la kufuata mabonde si letu peke yetu. Nchini New Zealand mabaraza ya mikoa yaliwekewa mipaka inayofuata kwa sehemu kubwa mabonde ya mito, na chini ya sheria yao ya mwaka 1991 mabaraza hayo ndiyo yanayotoa vibali vya kutumia maji na kumwaga maji machafu, kisha yenyewe hutuma wakaguzi, na gharama ya ukaguzi yanaweza kumtoza mwenye kibali. Tofauti na kwetu ni kwamba huko anayetoa na anayefuatilia wamo katika nyumba moja, nayo haiko mbali na mto. Kwetu cheti hutolewa Kampala, maji husimamiwa kutoka Lira, na shimo liko Dranya. Umbali huo hauondolewi kwa kulalamika. Unapunguzwa na watu wanaokaa kando ya mto wakiwa na kumbukumbu nzuri, na kituo cha polisi kinachojua kuzipokea.

Kumbukumbu nzuri ni zipi? Si maneno ya "wanatuharibia maji tangu zamani." Ni daftari la kawaida la shule. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona, bila kuongeza ulichokisikia. Piga picha ukisimama mahali palepale kila juma, pawe na mti au mwamba usiohama ndani ya picha. Kama tatizo ni maji, linganisha juu na chini: chota katika chupa nyeupe mahali mkondo ulipo kabla ya kufika kwenye machimbo, kisha chupa nyingine baada ya kuyapita, siku hiyohiyo, saa ileile. Ziache zitulie usiku kucha. Asubuhi tope lililokaa chini litapimwa kwa rula. Ulinganisho huo ndio wenye nguvu, kwa sababu mvua kubwa huchafua kijito chote, juu na chini. Lakini maji yakiwa safi juu na mekundu chini, jambo liko katikati.

Hata hivyo ieleweke kwamba chupa ya mwananchi ni dalili, haijawa kielelezo cha mahakamani. Sampuli ya kisheria huchukuliwa na mkaguzi, hutiwa katika chombo kilichosafishwa, hufungwa, huandikwa, na kila mkono unaoipokea hutia sahihi. Maji yanayopimwa vijidudu hutakiwa kukaa kwenye barafu na kuifikia maabara ndani ya saa 24, na maabara kuu ya taifa ya ubora wa maji iko Entebbe. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Koboko hadi Entebbe anaelewa ugumu wa jambo hilo. Ndiyo maana baadhi ya vipimo, kama vile joto, uchachu na ukungu wa maji, hufanyika palepale mtoni. Na ndiyo maana mkaguzi hawezi kuja kila wiki kubahatisha. Anahitaji daftari la kumwambia aje lini na asimame wapi.

Daftari hilo halitakuwa na maana kama hatujui masharti yenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa mwananchi haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa ofisi za serikali, na ofisi inapaswa kuamua juu ya ombi ndani ya siku 21. Omba nakala ya cheti cha idhini pamoja na masharti yake kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa kuwa nyaraka hizo huandikwa kwa Kiingereza, mwalimu au kijana msomi na azisome mbele ya mkutano wa kijiji, sharti moja baada ya jingine, akizifasiri kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili. Tunajua vema kwamba baada ya kusomwa hivyo, mwenye mradi hawezi tena kuwaambia watu kwamba mambo hayo ni ya wataalamu.

Tuje kwa askari. Malalamiko yanapoletwa kituoni, jibu la "hayo ni ya NEMA, nenda wilayani" ni kosa. Malalamiko huandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, mlalamikaji hupewa namba ya SD, na taarifa hupelekwa kwa ofisa wa mazingira wa wilaya na kwa kikosi cha polisi cha ulinzi wa mazingira. Kwa upande mwingine, askari wa kawaida asikimbilie kufunga machimbo kwa amri yake mwenyewe, wala kuchukua ufunguo wa tingatinga. Hana vipimo, hana amri ya maandishi, na kesi itamgeukia. Kazi yake kubwa ni tatu: kupokea, kumsindikiza na kumlinda mkaguzi anapokuja, na kuzuia fujo wakati wa kungoja. Hili la tatu lina uzito. Vijana wakiona tope mwaka mzima na kuambiwa "wana kibali" mara kumi, siku moja hufunga barabara kwa mawe na kuchoma gari. Polisi hufika na mabomu ya machozi, vijana hulala mahabusu, na mwenye mradi, aliyekuwa mkosaji asubuhi, jioni huwa mlalamikaji.

Haya si mambo ya kubuni katika nchi hii. Wakati wa ujenzi wa barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, wakazi wa Bigodi walilalamika kuhusu machimbo, vumbi, mali zao, na zaidi ya yote kuhusu wasichana wadogo waliodhulumiwa na wafanyakazi wa mradi. Malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia, nayo mwezi Desemba 2015 ikafuta ufadhili wa mradi mzima uliokuwa na barabara hiyo ndani yake. Mradi ule ulikuwa na vibali. Ulikuwa na wasimamizi na ripoti. Kilichokosekana ni mtu wa kuzilinganisha ripoti na yaliyokuwa yakitendeka kambini. Askari anayetazama tope peke yake asiangalie kambi ya wafanyakazi ameona nusu ya jambo, kwa maana masharti ya cheti siku hizi huhusu jamii pia.

Kwa nini tunasisitiza maandishi kiasi hiki? Tazama kesi ya Amooti Godfrey Nyakaana dhidi ya NEMA. Nyakaana alijenga nyumba katika kiwanja chake jijini Kampala. Wakaguzi walipakagua, wakaona ni ardhi oevu, naye akapewa amri ya maandishi ya kuacha ujenzi na kuparejesha palivyokuwa, pamoja na muda wa kuitekeleza. Hakuitekeleza, na mwezi Januari 2005 nyumba ikabomolewa. Alikwenda mahakamani akidai kwamba hakusikilizwa na kwamba haki yake ya kumiliki mali imevunjwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliitupilia mbali rufaa yake. Unaweza kumhurumia mtu aliyepoteza nyumba, nasi twamhurumia. Lakini fikiri ingekuwaje kama wakaguzi wangekwenda na nyundo bila ripoti, bila amri na bila tarehe.

Mwenye mradi naye ana haki zake, na polisi ni wake pia. Wapo wanaotunga malalamiko kwa sababu ya wivu wa biashara au ugomvi wa mipaka ya shamba. Wapo wanaojitokeza wakivaa koti lenye maandishi na kudai "faini" mkononi. Mkaguzi wa kweli ana kitambulisho, huandika anachokiona, na hapokei fedha taslimu kando ya shimo. Mwenye mradi anayeombwa kitu kidogo, awe ameombwa na mtu wa koti au na mtu wa sare, aandike jina na saa na kulifikisha jambo hilo kwa mkuu wa kituo au kwa kitengo cha polisi kinachoshughulikia nidhamu ya askari. Akilipa, amenunua ukimya wa siku chache, na sharti alilolivunja bado liko palepale.

Neno fupi juu ya makaa. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa Amri ya Utendaji Namba 3 iliyopiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya makaa ya biashara katika kaskazini mwa nchi. Wazee wa West Nile wanaokumbuka miaka ya tumbaku, ilipokaushwa kwa moto wa kuni, hawahitaji kuelezwa miti ilikokwenda. Askari wa kizuizini aulize nyaraka za mzigo na chanzo chake, na aandike anachoambiwa, lori liwe la mgeni au la mtu mkubwa wa mjini.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wa kukagua mashimo, maana chini yake panaonekana na mitambo ya kuyafukia inaweza kufika bila kukwama. Tunaomba kila mwenyekiti wa LC1 katika kaunti ndogo ya Dranya apange siku moja ya mwezi wa kwanza, atembee na wazee wawili, mama mmoja anayechota maji, kijana mwenye simu ya picha na askari wa kituo cha jirani. Wayahesabu mashimo yote yaliyo wazi, waandike lipi ni la nani na lilichimbwa kwa kazi gani, wapime umbali wake kutoka alama ya juu ya maji. Orodha iandikwe nakala tatu: moja ibaki kijijini, moja iende kwa ofisa wa mazingira wa wilaya, na moja iletwe kituoni, ambako itapewa namba ya SD siku hiyohiyo. Mwezi wa tatu, kabla mvua haijaanza, watembee tena njia ileile wakiwa na orodha mkononi.